UZI: Uigaji wa VVU kwa kompyuta, na kwa nini dago na kusi havimo katika hesabu zetu

KaraniWaAmu

Assalaam aleikum, wanajukwaa.

Mimi ni karani wa kumbukumbu za afya hapa Amu, yaani mji wa Lamu, na kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa madaftari ya kliniki ya ARV: nani amekuja kuchukua dawa, nani amepitisha tarehe, kipimo cha wingi wa virusi kimerudi na namba gani. Mwaka huu nimesoma kozi ya modeli za kihesabu za maradhi, na huko ndiko nilikotambua kwamba namba ninazoziandika kwa kalamu ndizo zinazolishwa kompyuta zinazopanga matibabu ya nchi nzima. Nimefungua uzi huu nieleze, kwa kadiri ya uwezo wangu, jinsi VVU vinavyoigwa ndani ya kompyuta, kisha nilete jambo linalonisumbua kuhusu visiwa vyetu, la dago, yaani kambi za muda za wavuvi, na bahari ya kusi. Nitaandika kwa urefu, kwa hiyo naomba subira yenu.

Nianze na mwili wa mtu mmoja. Zamani ilijulikana kwamba mtu aliyeambukizwa anaweza kukaa miaka minane au kumi bila dalili, na muda wote huo wingi wa virusi katika damu yake ukabaki karibu palepale. Wengi walidhani kwamba katika kipindi hicho virusi vimelala. Miongoni mwa waliopindua fikra hiyo ni daktari David Ho wa New York na Alan Perelson, mtaalamu wa hisabati ya viumbe katika maabara ya Los Alamos, Marekani.

Ili kuelewa walichokifanya, lifikirieni birika la msikitini. Maji yako kiwango kilekile tangu alfajiri hadi isha. Anayelitazama tu hawezi kujua kama maji yametulia, hayaingii wala hayatoki, au kama bomba linamwaga kwa nguvu na watu wanateka kwa kasi ileile. Njia ya kujua ni kulifunga bomba ghafla, kisha kupima kila saa maji yameshuka kiasi gani. Dawa ndiyo iliyolifunga bomba. Mwaka 1996, katika jarida la Science, wataalamu hao na wenzao walitoa vipimo vya wagonjwa watano waliopewa dawa ya ritonaviri na kupimwa damu mara nyingi sana katika siku za mwanzo, vikalinganishwa na milinganyo ya hesabu. Ikaonekana kwamba nusu ya virusi vilivyo katika damu huondoka kila baada ya saa 6 hivi, kwamba seli iliyoambukizwa na inayotengeneza virusi huishi siku 2 na kidogo tu, na kwamba mwili wa mgonjwa ambaye hajaanza dawa hutengeneza virusi takribani bilioni 10 kila siku. Miaka yote ile ya ukimya, bomba lilikuwa wazi.

Milinganyo yenyewe si ya kutisha. Kwa umbo lake la msingi ina makundi matatu: seli nzima za CD4, yaani seli za kinga ambazo VVU huzishambulia, seli zilizoambukizwa, na virusi vilivyo huru katika damu. Kwa kila hatua ndogo ya muda kompyuta inahesabu ngapi zimezaliwa, ngapi zimekufa, na ngapi zimehama kutoka kundi hili kwenda lile. Dawa huingia kama namba inayopunguza uwezo wa virusi kuingia kwenye seli au kukomaa. Ukishazipata namba hizo kutoka kwa wagonjwa halisi, unaweza kuuliza maswali ambayo haifai kuyajaribu juu ya mwanadamu: itakuwaje akipewa dawa moja tu, au akikatiza kwa wiki mbili, au akianza mwaka mmoja baadaye?

Hesabu iliyonishika zaidi ni ya dawa tatu. VVU hujinakili kwa makosa. Ujumbe wao wa kijeni una herufi karibu 10,000, na katika kunakili hukosewa herufi 3 hivi kati ya kila 100,000. Kosa mahususi, yaani herufi fulani kugeuka kuwa herufi nyingine fulani, ni kama mara moja katika nakala 100,000. Tuchukulie kwamba kila siku seli milioni 100 huambukizwa upya mwilini. Kosa moja mahususi, ambalo kwa dawa kama lamivudini linatosha kuleta usugu, yaani virusi kutozuilika tena na dawa hiyo, litatokea mara 1,000 kwa siku, hata kabla mgonjwa hajameza kidonge cha kwanza. Makosa mawili mahususi kwa pamoja yatatokea mara moja katika siku 100. Makosa matatu, yaani yale ya kuzishinda dawa tatu kwa pamoja, yatahitaji siku milioni 10, ambazo ni zaidi ya miaka 27,000. Nimeifanya hesabu hii kwa penseli nyuma ya daftari, nikakumbuka jinsi AZT ilivyotolewa peke yake kuanzia 1987 na jinsi nafuu yake ilivyokuwa ya muda mfupi. Dawa tatu zilipoanza kutumika kwa pamoja mwaka 1996, watu waliokuwa vitandani wakisubiri kufa walinyanyuka.

Sasa upande wa pili, kwa sababu sitaki kuficha. Mwaka 1997 Perelson na wenzake waliendelea na hesabu zao, wakakadiria kwamba matibabu kamili ya kati ya miaka 2.3 na 3.1 yangeweza kuvimaliza virusi mwilini, iwapo hakuna maficho mengine. Maficho yalikuwapo. Mwaka uleule watafiti walionyesha kwamba kuna seli za kumbukumbu zinazolala zikiwa na VVU ndani yake hata kwa mgonjwa anayemeza dawa ipasavyo, na mwaka 1999 ilipimwa kwamba seli hizo hupungua nusu kwa miezi 44 hivi. Kwa kasi hiyo kuzimaliza kunahitaji zaidi ya miaka 60. Ndiyo maana dawa humezwa maisha yote.

Nasimama hapa kwa adhana ya magharibi. Nitarudi baada ya isha.

MzeeWaMkomani

Mwanangu karani, nimesoma yote na nimeelewa, na nakushukuru kwa mfano wa birika. Lakini lipo lililonikaa kooni. Katika miaka ya tisini nimezika jamaa wanne wa maradhi haya, wawili wao wakiwa vijana ambao niliwafundisha kusoma. Katika miaka hiyo tuliambiwa mengi, na kila aliyetuambia alikuwa na hakika. Sasa wewe mwenyewe umekiri kwamba hesabu ya mwaka 1997 ilisema miaka mitatu na ukweli ukawa sitini. Mtu akikosea kwa kiasi hicho, kwa nini mipango ya matibabu ya watu wetu iwekwe juu ya hesabu zake?

KaraniWaAmu

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ni la haki, na nimekaa nalo kabla ya kujibu.

Wewe unajua kuliko mimi jinsi manahodha wa hapa wanavyohesabu maji. Mtu anautazama mwezi, anajua kesho ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, au ni maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, na anajua saa ambayo maji yatajaa hadi kwenye ngazi za gati. Siku maji yasipofika alipoyatarajia, hasemi kwamba hesabu ya mwezi ni ya uongo. Anajua kwamba kuna kitu kingine kimeingia, labda upepo umeyasukuma maji nje, naye anakitafuta. Asiyekuwa na matarajio yoyote hawezi hata kutambua kwamba maji yamechelewa.

Hesabu ya mwaka 1997 iliandika wazi sharti lake: iwapo hakuna maficho mengine. Sharti lilipoonekana halikutimia, watu walijua ni wapi pa kutafuta na ni kitu gani cha kupima. Daktari angesema tu kwamba anadhani dawa zitamaliza virusi baada ya miaka kadhaa, tusingejua amekosea wapi. Kwangu thamani ya modeli ni kwamba inamlazimisha mtu kuyaweka mezani anayoyadhani, moja moja, kwa namba, ili mwenzake aweze kusema: hapa si kweli.

MuuguziMalindi

Nawasalimu nyote. Mimi ni muuguzi Malindi, upande wa huduma za VVU, na naomba niongeze yale yanayotokea baada ya mgonjwa kutoka kliniki na mfuko wake wa dawa.

Wengi wetu tulifundishwa kusema: meza kila siku, saa ileile, usikose. Ni maneno sahihi, lakini hayaelezi ni kwa nini kukosa kwa namna moja kunaleta madhara makubwa kuliko kukosa kwa namna nyingine. Chukueni kidonge tulichokitumia kwa miaka mingi, kilichounganisha tenofoviri, lamivudini na efavirenzi. Dawa zilikuwa tatu ndani ya kidonge kimoja, lakini hazitoki mwilini kwa mwendo mmoja. Efavirenzi hupungua nusu kwa takribani siku 2, na mabaki yake huweza kuonekana hata baada ya wiki moja, ilhali lamivudini hupungua nusu chini ya siku moja. Mgonjwa akikatiza ghafla, zinafika siku ambazo efavirenzi imebaki bila msaada kamili wa wenzake, virusi vimeanza kuzaana tena, na kosa moja tu la kunakili linatosha kuvifanya sugu kwake. Karani ametuonyesha kwamba kosa moja hutokea kila siku.

Kwa hiyo mgonjwa aliyekosa dozi moja moja kumi zilizotawanyika katika miezi mitatu, na yule aliyekosa siku kumi mfululizo, katika daftari letu wanaandikwa sawa. Mwilini hawako sawa hata kidogo. Mwaka 2012 Daniel Rosenbloom, Alison Hill na wenzao walitoa katika jarida la Nature Medicine modeli iliyounganisha jinsi kila dawa inavyoshuka mwilini na jinsi dozi zinavyokoswa, ikaeleza kwa nini baadhi ya matibabu hushindwa kwa sababu ya usugu na mengine hushindwa bila usugu wowote. Nilipoisoma nilimkumbuka mvuvi mmoja ambaye nilimkaripia sana kwa kupitisha tarehe. Sikumuuliza alikosa vipi. Hilo bado linaniuma.

Kidonge cha sasa chenye dolutegraviri, ambayo Kenya ilianza kuitoa mwaka 2017, kinavumilia zaidi. Dawa hiyo hupungua nusu kwa saa 14 hivi, na virusi huhitaji kazi kubwa kuliko kosa moja ili viishinde. Lakini kuvumilia kuna mpaka, na mtu wa wiki tatu bila dawa ameshauvuka.

Neno moja kuhusu kumpangia dawa mgonjwa ambaye matibabu yake yameshindwa. Kipimo cha usugu kinachosoma jeni za virusi ni ghali na majibu yake huchukua muda. Taasisi ya RDI ya London ilitengeneza chombo kiitwacho HIV-TRePS, ambacho kinapatikana bure mtandaoni: daktari anaingiza wingi wa virusi, hesabu ya CD4 na historia ya dawa, na kompyuta iliyojifunza kutokana na kumbukumbu za wagonjwa wengi wa nchi mbalimbali inakadiria ni mchanganyiko upi una nafasi nzuri ya kufaulu. Kinaweza kufanya kazi hata pale ambapo kipimo cha jeni hakipo. Uamuzi hubaki kwa daktari, na inapasa ubaki kwake.

HisabuKilifi

Habari zenu. Mimi ni mwanafunzi wa hisabati hapa Kilifi. Mpaka sasa mmezungumzia mwili wa mtu mmoja, nami naomba nipanue hadi kwenye jamii, kwa sababu huko ndiko mipango ya serikali inakotoka.

Modeli ya jamii inafanana sana na ile ya mwili, isipokuwa mahali pa seli pamewekwa watu: wasioambukizwa, walioambukizwa wasiojua, wanaojua lakini hawajaanza dawa, walio kwenye dawa, na ambao virusi vyao vimeshuka hata haviwezi kuambukiza. Kenya, kama nchi nyingi za Afrika, hutumia programu ya Spectrum kukadiria idadi ya watu wanaoishi na VVU na mahitaji ya dawa, kwa kuwa haiwezekani kumpima kila mtu kila mwaka.

Modeli yenye athari kubwa kuliko zote huenda ni ile ya Reuben Granich na wenzake wa Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa katika jarida la Lancet mwishoni mwa 2008. Waliuliza: katika nchi yenye maambukizi kama Afrika Kusini, itakuwaje kila mtu mzima akipimwa mara moja kwa mwaka na kila anayekutwa na VVU aanze dawa papo hapo? Kompyuta ikajibu kwamba ndani ya miaka 10 maambukizi mapya yangeweza kushuka chini ya mtu 1 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Mwaka 2011 utafiti wa HPTN 052 ukaonyesha kwa wenzi halisi kwamba kuanza dawa mapema kunapunguza maambukizi kwa mwenzi kwa asilimia 96. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likashauri kila mwenye VVU aanzishiwe dawa bila kusubiri CD4 zishuke, na Kenya ikafuata mwaka 2016.

Kisha ikaja mizani. Katika utafiti wa PopART, uliofanyika katika jamii 21 za Zambia na Afrika Kusini, wahudumu walipita nyumba hadi nyumba wakipima watu. Matokeo yalitoka mwaka 2019. Yakilinganishwa na jamii zilizoendelea na huduma ya kawaida, katika kundi moja maambukizi mapya yalikuwa chini kwa asilimia 30, na katika jingine, ambalo lilikuwa limepewa huduma zote tangu mwanzo, kwa asilimia 7 tu, tofauti ambayo kitakwimu haikuthibitika. Waliokuwa vigumu kufikiwa ni wanaume na vijana, kwa maana wahudumu walipobisha hodi wengi wao hawakuwapo nyumbani. Modeli ya 2008 ilikuwa imemhesabu kila mtu kana kwamba yuko.

Hata lengo la 95 mara tatu linadai umakini. Asilimia 95 wajue hali yao, 95 ya hao wawe kwenye dawa, 95 ya hao virusi vishuke: ukizidisha unapata asilimia 85.7 ya wote. Hata tukilifikia lengo kikamilifu, karibu mtu 1 kati ya 7 anabaki na virusi ambavyo havijadhibitiwa.

Na modeli haihamishwi kutoka pwani ya ziwa hadi pwani ya bahari kama mzigo wa lori. Majaribio ya Orange Farm kule Afrika Kusini, Kisumu hapa Kenya na Rakai kule Uganda, yaliyotoa matokeo kati ya 2005 na 2007, yalionyesha kwamba tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa kwa takribani asilimia 60. Kenya ilianza mpango wa tohara ya hiari mwaka 2008, hasa Nyanza, na kwa huko ilikuwa busara. Iingizeni tohara hiyohiyo katika modeli ya Lamu, ambako mtoto wa kiume hupelekwa jandoni akiwa mdogo, na kompyuta haitawarudishia kitu. Malindi nako kuna jambo ambalo modeli ya Nyanza haina nafasi nalo, nalo ni sindano za heroini zinazopita mkono hadi mkono. Muuguzi atakubaliana nami.

MuuguziMalindi

Ninakubali. Malindi ilipata kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini, mwaka 2015, na tofauti nimeiona kwa macho yangu. Mtu anayekuja kila asubuhi kunywa methadoni mbele ya mhudumu anaweza kumeza ARV zake palepale. Kwa hiyo katika modeli methadoni si namba moja. Inapunguza sindano, na papo hapo inaongeza umezaji wa dawa. Anayeiingiza kwa upande mmoja tu anaipunja.

KaraniWaAmu

Ahsanteni. Mmenifikisha kwenye jambo langu.

Nimetengeneza modeli ndogo katika laptopu yangu, ambayo ndani yake kila mtu ni wa kubuni na ana njia yake mwenyewe. Nimechagua aina hii kwa sababu kaunti yetu ni ndogo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika Lamu nzima, na ukienda hadi kisiwa kimoja au kijiji kimoja, bahati ina nguvu kuliko wastani. Milinganyo laini inaweza kukwambia kwamba mwaka huu kijiji kitapata maambukizi mapya mawili na nusu. Hakuna nusu mtu. Unaweza kupata sifuri kwa miaka mitatu, kisha watano kwa mwaka mmoja, bila chochote kubadilika. Modeli ya mtu mmoja mmoja, ikirudiwa mara elfu, inaonyesha upana huo, na humzuia mpangaji kutangaza ushindi au janga kwa namba ambazo ni mawimbi tu.

Nilipofika mahali pa kuingiza umezaji wa dawa, programu ilitaka namba moja: asilimia ya dozi zinazomezwa. Nikatazama daftari langu. Katika safu ya maelezo kuna neno moja lililorudiwa ukurasa baada ya ukurasa: «hakuja». Ninakumbuka sura za baadhi ya watu hao. Ninajua kwamba yupo aliyekuwa dago, akilala ufukweni na wavuvi wenzake mbali na kliniki yoyote. Ninajua yupo aliyekuwa Faza, kisiwani Pate, na bahari ya kusi ikawa chafu hata boti hazikutoka. Yupo aliyekuwa Amu hapahapa na hakutaka kuonekana akiingia kupitia mlango ule. Wote nimewaandika «hakuja», kwa mkono wangu.

Basi nikafanya nilivyoweza: nikaiambia modeli kwamba kila mwaka katika miezi ya kusi wavuvi wote wa visiwa vya kaskazini wanakuwa dago na wanakosa dawa kwa wiki tatu mfululizo. Naomba mnisahihishe.

BahariKizingitini

Salamu kwenu. Mimi ni mtu wa kamba na pweza, wa Kizingitini, na nimelala dago tangu nikiwa kijana. Bwana Karani, umefanya kazi nzuri lakini umechanganya misimu.

Dago kubwa tunakwenda wakati wa kaskazi, bahari ikiwa imetulia na maji ni safi, kuelekea Kiwayu na kupanda Kiunga. Wakati wa kusi wengi wetu tuko nyumbani, tunavua ndani karibu na mikoko. Kwa hiyo hizo ni shida mbili na si moja. Katika kaskazi mtu hayupo, ingawa njia ni nzuri. Katika kusi mtu yupo, ila njia imekatika au nauli imepanda kwa sababu boti chache ndizo zinazothubutu kuvuka. Ukiziweka pamoja utampelekea dawa mtu ambaye hayupo, na yule aliyeko utamwacha.

La pili, msidhani kwamba kila aliyeko dago ameziacha dawa kwa uzembe. Dago tunalala watu kumi au zaidi chini ya turubai moja. Vyombo ni vya wote, mfuko wa nguo unawekwa popote. Kopo la vidonge ukilitikisa linalia, na kila mtu anaujua mlio ule. Namjua mtu aliyekuwa akijaza pamba ndani ya kopo ili lisilie. Alikuwa akimeza alfajiri kabla ya wenzake kuamka, akiwa ameingia majini hadi magotini kana kwamba anatawadha. Siku pamba ilipolowa vidonge vikaharibika vyote, na hakuwa na pa kuomba vingine.

La tatu, tarehe zenu ni za kalenda ya ukutani, nasi tunahesabu kwa mwezi. Ukiniambia tarehe kumi na saba, sijui kama ni bamvua au maji mafu, na kazi yangu inafuata hilo.

KaraniWaAmu

Nimesoma maelezo yako mara tatu. Nimekosea, na nashukuru kwamba kosa langu lilikuwa limeandikwa wazi kiasi cha kuonekana.

Nimeitenganisha modeli usiku huu. Sasa kuna kukatika kwa kaskazi, ambako kunamgusa mvuvi peke yake na ni kwa wiki mfululizo, na kukatika kwa kusi, ambako kunawagusa wote wa visiwani, wanawake na watoto pia, na ni kwa siku chache chache. Kwa maelezo ya Muuguzi, hizi ni namna mbili tofauti kabisa mwilini. Na suluhisho la kila moja ni tofauti. Kwa kusi, jambo lililoonyesha nafuu katika marudio yote ni kumpa mgonjwa aliyetulia akiba ndefu zaidi ya dawa kabla bahari haijachafuka. Shirika la Afya Duniani linashauri akiba ya miezi 3 hadi 6 kwa mgonjwa aliyetulia, kwa hiyo si jambo geni. Kwa kaskazi, akiba ndefu peke yake haikusaidia sana, kwa sababu dawa zilibaki nyumbani naye yuko Kiwayu. Kilichosaidia ni pale nilipopunguza uwezekano wa kuziacha nyuma, yaani ufungaji usiolia na usioingiza maji. Sitoi asilimia hapa, kwa kuwa namba nilizoziingiza bado ni za kukisia na sitaki zinukuliwe.

MzeeWaMkomani

Nimeridhika na jibu lako la maji kuchelewa, na nimeridhika zaidi kuona umesahihishwa na mvuvi ukakubali. Lakini nina hofu nyingine. Kisiwa chetu ni kidogo. Ukiandika «mwanamume, miaka arobaini na kitu, mvuvi wa kamba, kijiji fulani», umeshamtaja jina. Haya madaftari yakiingia katika kompyuta za watafiti, nani atamlinda mtu yule aliyejaza pamba katika kopo?

KaraniWaAmu

Mzee wangu, hofu hiyo ni yangu pia. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na UKIMWI ya mwaka 2006 inakataza kufichua hali ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Modeli yenyewe haihitaji watu halisi. Inahitaji viwango: kati ya waliopitisha tarehe, wangapi ni kwa dago, wangapi ni kwa njia. Viwango hivyo nitavijumlisha kwa visiwa vyote vya kaskazini pamoja, kamwe si kwa kijiji, na kundi lolote lenye watu wachache litaunganishwa na jingine kabla ya karatasi kutoka ofisini. Watu wanaotembea ndani ya kompyuta yangu hawajazaliwa popote.

Pendekezo langu kwa wakuu wa kliniki ni dogo: neno «hakuja» liondoke, mahali pake pawe na safu tatu za kutia alama, yaani «safarini baharini», «njia imekatika» na «sababu nyingine», na pembeni iandikwe ni siku ngapi mfululizo alikuwa bila dawa.

MuuguziMalindi

Hiyo ya siku mfululizo nitaianza Malindi wiki hii katika daftari langu mwenyewe, bila kusubiri fomu mpya. Naomba tu safu ya nne, «alikuwa nazo zikaharibika». Tumekuwa tukimhesabu mtu huyo kama mkaidi.

BahariKizingitini

Mkiweza, iwe tayari kabla ya Novemba. Kaskazi ikianza kukaza mashua za kwanza zinaondoka, na nahodha akishasema kesho alfajiri, hakuna anayepata muda wa kuvuka hadi Amu kuchukua dawa. Tarehe za kliniki za mwezi huo zipangeni katika siku za maji mafu.

KaraniWaAmu

Nimeandika. Maji mafu ya Oktoba na ya Novemba. Nitumie siku zenyewe kwa hesabu ya mwezi, nami nitazigeuza kuwa tarehe.